Kifuniko cha Rejeta cha Antoni

Romanus,

Ugali umefunikwa jikoni. ~~Usipa wako uko~~ Dagaa wako wa usipa nimewapa wazee waliokuja kutupa pole. Mbuzi hawajanywa maji.

Leo asubuhi ulifungua boneti ya gari la kaka yako bila kuniuliza, ukafunga kifuniko kipya cha rejeta chenye presha kubwa zaidi, eti maji yasichemke kwenye mlima wa Mbinga. Nilikwambia marehemu Antoni alikataa kukifunga kabla ya kubadili mipira ya maji ya rejeta, kwa kuwa ni ileile ya zamani ambayo gari lilitoka nayo Japani, haitahimili presha. Ukanijibu mbele ya waombolezaji, "Shemeji, wewe lia tu, gari la turbo tuachie wanaume." Hukufika hata kanisani, mpira ukapasuka. Wanakwaya wamelirudisha kwa kulisukuma.

Nimekwenda Mbinga kutafuta mpira, maana Jumamosi gari hilo ndilo litakalopeleka msalaba kaburini Kihagara. Ufunguo ninao. Usiguse kitu chake kingine kabla ya kuondoa matanga.

Na Jumamosi nitaendesha mimi. Wewe utakaa nyuma, ushike msalaba.

Mke wa kaka yako