Pumziko Baada ya Kambove

Ndugu yangu Kasongo,

Unajua kwamba sipendi kusema jambo kabla ya kulihakiki, na hiyo ndiyo sababu barua hii imechelewa miezi minane. Sasa nimehakiki. Nilikosea kuhusu wimbo wa nne, wewe ulijua kwamba nimekosea, na ukanyamaza miaka yote tuliyoishi hapa Nchelenge.

Nikupe kwanza habari za huku. Kibanda chako cha kutengenezea injini za boti, pale chini bandarini, sasa kinauza chaja za simu. Benchi lako limebaki nje, na abiria wanaosubiri boti ya kwenda Kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, hulikalia bila kujua doa la mafuta lililo chini yao lilitoka wapi. Mimi ninaendelea kufundisha Kifaransa na kuwaandikia wafanyabiashara barua zao. Jumapili, saa tisa alasiri, bado ninavaa viatu vya kuja kwako. Majuma ya mwanzo nilifika hadi mlangoni penu kabla ya kukumbuka. Siku hizi ninakumbuka mapema zaidi, nikiwa ninafunga kamba. Sijui kama hayo ni maendeleo.

Ninakizungumza Kibemba vizuri kuliko ulivyowahi kukizungumza wewe, na majirani ni watu wema. Hata hivyo katika mji huu wote hakuna mtu mwingine ambaye nikimtajia bendi ya Orchestre Makoti atacheka. Upweke wangu, nikiupima sawasawa, una ukubwa huo. Sikukosa watu. Nimemkosa mtu wa kubishana naye kuhusu kaseti moja.

Tulipovuka ziwa tukitoka Pweto, uliiweka kaseti hiyo katika mfuko mmoja wa plastiki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako. Nilikuuliza, mbele ya boti nzima, iwapo huo ni mpangilio wa akili timamu. Ukanijibu: "Prof, vyeti watatupatia vingine. Hii hawatatupatia." Ulisema kweli. Wanaume watano waliovaa makoti mazito ya mvua katika joto la Oktoba, wakapiga cherehani mahali pa ngoma, wakajaza upande mzima wa kaseti kwa sauti ya kondakta anayetaja vituo vya treni: watu kama hao hawatolewi nakala katika ofisi yoyote. *Abiria wa Mwisho* ilichekwa Likasi ilipotoka. Sisi wawili hatukuicheka. Au tuseme tuliicheka kwa uangalifu.

Na sasa wimbo wa nne. Cherehani inakwenda, kondakta anaita: Likasi! Anaita: Kambove! Kisha kila kitu kinakatika. Kimya, muda wa pumzi moja, halafu cherehani inarudi na kondakta anaita Tenke, kana kwamba kituo cha Fungurume, kilicho katikati, hakijawahi kuwa duniani. Nakumbuka Jumapili ile nilipokisikia kimya hicho kwa mara ya kwanza. Nilisimama. Nilikuambia kwamba miaka yote tulikuwa tukisikiliza kwa masikio ya kitoto, kwamba mwimbaji alikuwa amefiwa Fungurume na hakuweza kulitamka jina la mahali hapo, na kwamba huo ndio ujasiri wa kweli wa muziki. Nilifundisha mantiki miaka kumi na miwili, Kasongo. Nikaandika kurasa kumi na moja katika daftari, nikakusomea zote. Ulisikiliza ukiwa umeinamisha kichwa, spana mkononi. Tangu siku hiyo, kila tulipofika mahali pale, uligonga mkono wa kiti kwa spana yako. Mara moja tu. Ko! Nilidhani unaheshimu msiba wa mwimbaji.

Mke wako, Mama Furaha, alikuwa akipita na ungo wake wa chisense, wale dagaa wetu wadogo wa ziwani, akisema: "Bale bafou benu, bale ba wazimu, banaanza tena! Mutu muzima anapiga kiti!" Nawe ulimjibu: "Mama, acha. Hii iko philosophie."

Mwezi uliopita, mwanamke mmoja anayenunua samaki wakavu hapa na kuwauza Lubumbashi aliniletea fleshi yenye nyimbo za zamani. Niliwahi kumwandikia barua ya mzigo, na alikumbuka kwamba ninawatafuta watu wa makoti. "Prof, niliwapata bale bantu yako," alisema. "Lakini kweli, unawasikilizaka na akili yote?" Wimbo wa nne ulikuwamo. Nikakaa peke yangu, mchana, mlango wazi. Likasi! Kambove! Nikashika pumzi yangu kama kawaida. Na cherehani haikusimama. Kondakta aliita kwa sauti kubwa, bila huzuni yoyote: "Fungurume! Ule mwenye mbuzi ashuke na mbuzi yake!" Na bendi nzima ikalia kama mbuzi.

Nilirudia mara sita. Mbuzi alikuwapo kila mara, na bila shaka alikuwapo Likasi pia; kurasa zangu kumi na moja zilinisahaulisha.

Nilipata maelezo kabla ya jua kutua, kwa kuwa kaseti ninayo mimi. Mama Furaha alinipa baada ya mazishi yako. Niliivuta tepu kwa kalamu ya Bic, polepole, hadi nikafika penyewe. Kipande cha selotepu, kimekatwa kwa wembe, pembe zake safi kama kazi zako zote. Ulikuwa ukiirudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili tusimalize betri za redio. Tepu ilikwama, ikakunjika, ikakatika. Ukaondoa sehemu iliyoharibika na kuunga ncha mbili. Kile nilichokiita ujasiri wa muziki ni selotepu ikipita ndani ya redio.

Ninakiri kwamba nilikukasirikia. Kuikasirikia picha iliyo ukutani ni kazi isiyo na jibu, lakini niliifanya kwa siku nne. Swali lilikuwa moja, nami sikuweza kulikwepa: zile Jumapili zote, nilikuwa rafiki yako au kichekesho chako? Kama ni la pili, basi nilikuwa peke yangu tangu zamani, na kifo chako hakikubadilisha kitu.

Siku ya tano nilikwenda kumuuliza mke wako. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua hata uso.

"Selotepu? Njo mimi nilishika tepu, yeye akakata. Alitaka kukuambia ile Jumapili. Ukafika, ukasikia, ukasimama, ukaanza kusema mambo ya msiba na machozi iko karibu. Ulipoenda akaniambia: Mama, toka tuvuke, sijaona Prof anafurahi hivi. Sasa nitamuambia aje?" Akatupa jiwe dogo alilolikuta katika maharagwe. "Kila Jumapili alisema leo nitamuambia. Akifika pale, anapiga kiti tu. Ilikuwa haya, Prof. Haya yake mwenyewe."

Nilimsaidia kuchambua maharagwe, vibaya.

Jumamosi iliyopita tuliondoa matanga yako. Mama Furaha alitaka muziki wa bafou uchezwe, kwa kuwa, alisema, bila wao hutaamini kwamba ni wewe tunayekukumbuka. Nilikwenda na vyote viwili: fleshi katika mfuko wa kushoto, kaseti katika mfuko wa kulia. Mtu mwenye kuheshimu ukweli angecheza nakala kamili. Nilisimama mbele ya redio yako muda mrefu hadi mchungaji akaniuliza kama najisikia vibaya.

Nikaweka kaseti.

Likasi! Kambove! Kisha kimya, na watu wakaigeukia redio, wakidhani imekufa. Nilitafuta cha kugonga, nikakuta mikono mitupu. Ndipo ikasikika kutoka nyuma ya nyumba, mahali walipokuwa wakisonga bukari: mwiko juu ya sufuria. Ko! Mara moja tu, mahali penyewe hasa. Wageni hawakuelewa kitu. Mama Furaha hakuja upande wetu, wala mimi sikwenda kumwangalia. Kila mmoja alibaki upande wake wa nyumba na sehemu yake ya kilio.

Basi, Kasongo, nenda salama, na usione haya tena. Kurasa zangu kumi na moja sitazichoma. Nimeongeza ya kumi na mbili, inayosema kwamba hoja ilikuwa ya uongo na kimya kilikuwa cha kweli, ila nilikosea ni cha nani. Ninakuahidi kwamba sitaiunga upya tepu ile, na kwamba nitaendelea kuirudisha nyuma kwa kalamu, kwa mkono mwepesi. Saa tisa ya Jumapili nitavaa viatu na nitafika hadi ndani. Spana yako nimeiomba, na nimepewa.

Wako katika ubishi,
Prof