Globu Iliyokuwa Mfukoni

Baba watoto,

Usivue viatu, sebule nzima imejaa vioo. Chakula kiko kwenye sufuria. Mdogo yuko kwa jirani, usimfuate.

Asubuhi amekuja yule fundi cherehani uliyemuuzia gari juzi, na spana ya magurudumu mkononi, anakuita tapeli mtaa mzima ukisikia. Nikamwambia mume wangu hajawahi kumdanganya mtu. Akavunja dirisha, akaingia. Mwanao mkubwa akajitia katikati, akapigwa mkono ukavunjika. Mlio wake nimeusikia. Basi nami nikamtandika fundi pasi ya uso. Mara mbili, kwa kukutetea wewe.

Akadondoka kwenye kochi lako, damu zinamchuruzika, akasema breki zilimkatalia mteremkoni, mama yake akiwa ndani. Bibi wa watu miguu yote imevunjika. Na taa ya breki pale kwenye dashibodi, akasema, haikuwaka hata mara moja kumwonya.

Nikavuta shati lako msumarini nimfunge jeraha. Mfukoni ikaanguka globu ndogo ya taa ya dashibodi. Sote wawili tukaitazama. Kumbe ulijua, ukaichomoa.

~~Kimbilia kwa dada yako.~~ Usiende popote.

Globu ndiyo hiyo juu ya karatasi, isipeperuke. Nawapeleka mwanao na fundi hospitali. Fundi akishashonwa uso atarudi. Nimemwambia unatoka kazini saa kumi.

Mlango usihangaike kuufunga. Kitasa nimeking'oa mwenyewe.

Mama watoto