Jembe Likipoa

Jumatatu, 3 Juni 1996
Baridi ya Sumbawanga haina adabu. Nimewasha kompyuta nimejifunga blanketi. Juzi majembe ya plau tuliyomimina yamepasuka tena, mara tu tulipoyachovya majini yakiwa mekundu. Karakana imebinafsishwa. Tajiri mpya anasema yakizidi kupasuka anafunga, ataleta ya nje kupitia mpaka wa Kasesya. Lazima nijue yanapoaje.

Jumanne, 4 Juni
Programu inachora jembe kwa rangi. Nyekundu ni moto, buluu limepoa. Ncha inapoa upesi, mgongo bado unawaka. Hapo ndipo linapochanika. Humo nikaweka mafuta badala ya maji. Umeme ukakatika. Nimetukana.
Habari kutoka nyumbani Mtowisa, bondeni: Baba ana homa kali, ananiita. Nitashuka Jumamosi. Nimalize kwanza.

Alhamisi, 6 Juni
Limekubali! Ndani ya mafuta jembe zima linapoa pamoja. Nimepiga kelele, "Linapoa!" Mafundi sasa wananiita Bwana Poa.
Mchana akaja dereva wa lori la mpunga la Mtowisa, mtu mzima. Shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Nimetumwa. Mzee amepoa."
Homa imeshuka! Nikamshukuru, nikacheka. Akanitazama sana. "Pole. Jikaze," akasema, akaondoka. Nikadhani ni pole ya kazi.

Jumamosi, 8 Juni
Mtowisa. Nimeshuka kwenye lori na machungwa ya mgonjwa. Wanawake wamekaa chini uani. Dada alipoyaona machungwa akaangua kilio upya.
Wamemzika jana. Joto la bondeni halingoji mtu. Dada ananiuliza, si tulikutumia neno? Mlinitumia. Kwetu msiba hautupiwi mtu usoni, hufunikwa kwanza. Mtu akipoa, amefariki; najua hivyo tangu utotoni. Nimelisikia neno kwa masikio ya karakana.
Kila lori likinguruma Baba alikuwa akiuliza kama ni mimi. Najichukia.

Alhamisi, 13 Juni
Kazini. Mshikaji wa genge la jirani kanisalimu, "Mambo?" Nimejibu salama.
Tumechovya jembe kwenye mafuta. Halikupasuka. Tajiri karidhika, karakana haifungwi. Mafundi wakashangilia, kisha wakanikumbuka, wakarudi kazini.
Nimelipakata. Lilikuwa na uvuguvugu bado. Nimekaa nalo mpaka likapoa.