Kabla ya Kuanza Kazi Kilindini

Kibokoni,
Mombasa.
Jumapili, 9 Juni 1996

Mpendwa dada Swabaha,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji Mzamil na Twaha. Je, joto la Maskati limeshaanza kuwachoma? Mgongo uliokuwa ukikusumbua baada ya Idi umepata nafuu? Na Twaha meno ya mbele yaliyong'oka yameshaota? Nijibu moja moja, tafadhali. Usinipe ile "sote hatujambo" yako ya mstari mmoja, maana imenichosha, na sababu yake utaiona humu ndani.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo. Magoti yanamuuma akishuka ngazi, kwa hiyo siku hizi hashuki kabisa. Macho ni vile vile. Chai anakunywa, maneno anayo, na redio haizimwi mpaka taarifa ya habari iishe, kisha anisimulie mimi niliyekuwa nimekaa pale pale nikisikiliza.

Habari yangu kubwa ni kwamba nimepata kazi. Ndiyo, mimi. Ni ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Kilindini, nitapiga chapa na kupanga karatasi za forodha. Naanza Jumatatu tarehe 2 Septemba. Mchana Mama atakaa na Mejumaa, jirani yetu mpya wa nyumba ya nyuma, mama wa watoto watatu, mwanamke mtaratibu asiyechoka kusikiliza. Lakini jioni lazima niwe nimerudi, kwa sababu mumewe huingia zamu ya usiku bandarini, na yeye ana wanawe wa kulisha na kulaza.

Nilipotia saini ile barua ya kazi nilifurahi, Swabaha, nisikudanganye. Kisha nikasoma kwa chini: mwaka wa kwanza hakuna likizo, na baada yake ni siku ishirini na moja. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikifikiri. Nina miaka thelathini na moja. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Tanga, kwenye harusi, na nikalala siku mbili, siku zote mbili nikikuna nazi. Tangu Mama apoteze macho sijalala nje ya nyumba hii hata mara moja. Nikitoka kwenda Marikiti, ananihesabia dakika. Nikienda msalani, huuliza niko wapi. Hafanyi kwa ubaya, ni giza linalomtisha. Lakini nilijiona natoka chumba kimoja naingia chengine, na mlango wa chumba cha pili nimeutilia saini mwenyewe.

Ndipo Kanze akaja na wazimu wake. Kanze ni yule rafiki yangu wa Rabai niliyesoma naye upigaji chapa, kabla hajaenda kusomea uuguzi. Naye anaanza hospitali Septemba, na anasema asipoiona dunia sasa hataiona tena mpaka astaafu. Tulikwenda ufukweni Mama Ngina alasiri moja, Mejumaa akiwa na Mama, tukala mihogo ya kukaanga, naye akatoa mkobani ramani aliyoichana kwenye atlasi ya shule ya mdogo wake. Ikaingia mafuta na pilipili, lakini njia zinaonekana.

Tunatoka Jumatano tarehe 3 Julai kwa basi mpaka Dar es Salaam. Ijumaa tunapanda treni ya Zambia, daraja la pili, wanawake kwa wanawake, tunalala humo mara mbili. Tukishuka tunashika basi la Lusaka, kisha Livingstone, tukayaone yale maporomoko ambayo, Kanze anasema, moshi wake huonekana kabla hujayafikia. Kutoka hapo tunaingia Zimbabwe. Harare tunageuza, tunapitia Malawi, tunakaa kando ya ziwa mpaka vijisenti vikaribie kwisha, na tunarudi kwa njia ya Mbeya. Wiki nane. Tarehe 28 Agosti niko nyumbani, na Jumatatu ile niko ofisini, nimenyoosha nguo.

Ni safari ya watu wasio na kitu, usije ukadhani nimeokota dhahabu Forodhani. Kila mtu begi moja, madera mawili na kanga zake. Chakula cha njiani ni visheti, tende na chupa ya chai. Pa kulala Kanze ana barua ya kanisani kwao kwa nyumba za wageni za bei ndogo, na mimi nimemuuliza maalim wetu wa zamani, akanipa jina la mzee mmoja wa Lusaka mwenye mabinti. Pasipoti ninayo. Nilianza kuitafuta Januari, kabla hata ya kazi, bila ya kujua naitafutia nini. Nimeitia ndani ya foronya ya mto wangu, na kila asubuhi nikitandika naifungua.

Nilikuwa nikiogopa kumwambia Mama. Nilijua atauliza wanawake wawili peke yao wanakwenda kutafuta nini, na watu watasemaje, nami nikajitayarishia majibu kumi. Sikutumia hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaupapasa mkono wangu, akasema, "Enda mwanangu, umekaa mno ndani. Swabaha si aya Mfunguo Sita? Akisha kufika, wewe shika ndia."

Hapo ndipo nilipokwama, dada. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, unaingia katikati ya Julai. Kanze hawezi kungoja, tikiti ameshaikata. Na wewe huji.

Najua sasa unarudi kusoma juu, unatafuta umekosea wapi. Hukukosea. Wewe hukuandika popote kwamba unakuja Maulidi. Niliandika mimi.

Nipe nafasi nikueleze tangu mwanzo, na ukitaka kunitukana ningoje nimalize. Unakumbuka baba alipofariki, mwaka wa themanini na tisa, ukawa na mimba ya miezi minane na daktari amekukataza ndege. Mama hakutaka kusikia habari za daktari. Alisema mbele ya wanawake wote wa matanga kwamba Swabaha asikanyage kizingiti chake mpaka amwite mwenyewe. Wewe ukaletewa maneno hayo mpaka Maskati, yametiwa na chumvi, ukaapa hutaomba radhi kwa kosa usilolifanya. Tangu hapo ukawa unaniandikia mimi tu. Mama akawa hakuulizii, ila barua ikifika ananiangalia nikiisoma.

Mwaka wa tisini na mbili macho yalipomzimikia, Ramadhani ile, barua yako ikaja. Akasema nimsomee. Ilikuwa nusu ukurasa, Swabaha. Hali ya hewa, shule ya chekechea, sote hatujambo. Alikuwa amekaa kitandani na uso ameugeuzia ukutani. Nikafika mwisho na ulimi wangu ukaendelea wenyewe. Nikasoma kwamba unamuombea macho yake, na kwamba unamuomba radhi kwa kutokuja kumzika baba. Futari alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu augue.

Kesho yake akataka nimsomee tena. Nikaogopa nitasahau nilivyosema, nikachukua penseli nikayaandika yale maneno chini ya yako. Tangu siku hiyo kila barua yako ina maandishi ya penseli. Zimo zote ndani ya bati la halua aliyoileta shemeji siku ya posa. Swabaha wa penseli ni mtu mtamu kweli. Anauliza magoti, anatania, anakumbuka Mama alivyokuwa akimsuka. Mama humsifia kwa kila anayepanda ngazi. Mimi ninayempikia na kumuogesha husifiwa nikitia chumvi ya kutosha.

Laiti ingeishia hapo. Sasa nakuandikia lile ambalo limenifanya nichane barua hii mara tatu.

Mwaka wa tisini na tatu, baada ya Idi, Mama aliniita nimwandikie jibu. Wewe unajua barua zake zilivyo, salamu za mtaa mzima. Siku hiyo hakutaka salamu. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyotamka: "Mwambiye aye. N'lisema hata n'mwite mwenyewe. Haya, n'memwita. Nisikiye mtoto wake n'mpapase uso." Kisha akalia, na mimi nikalia, na karatasi ilikuwa mapajani mwangu.

Sikuyaandika. Ningeyaandika vipi? Ungeuliza umesamehewa nini na wewe hukuomba radhi. Ningelazimika kusema kwamba niliomba mimi kwa jina lako, nawe na kiburi chako ungeacha kuandika kabisa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikajiambia pia kwamba nitakuandikia wiki ijayo, nikishapata maneno mazuri. Na kulikuwa na kitu chengine, dada, nacho kinanitia haya. Nilikuwa na wivu. Katika miaka yote ile ya kumshika mkono Mama hajawahi kulia kwa ajili yangu.

Barua yako iliyofuata haikuwa na jibu, ingekuwa nalo vipi. Mama akauliza, "Hakunena kitu?" Nikachukua penseli. Nikaandika kwamba utakuja mambo yakitengemaa. Baada yake ikawa utakuja Idi. Kisha shemeji akakosa ruhusa. Kisha Twaha akapata surua, mwanao hajapata surua maisha yake. Kisha tikiti zikapanda. Mwaka huu nilichoka kutunga sababu, nikasoma kwamba unakuja Maulidi bila shaka yoyote, nikidhani mpaka Maulidi ifike Mungu ataleta njia. Njia aliyoleta ni ya treni, na mimi ndiye niliyeifunga kwa mkono wangu.

Nimejaribu kila upande. Mejumaa hawezi kulala hapa. Kumpeleka Mama kwa watu hataki, nyumba hii anaijua kwa vidole, kwengine hataweza hata kufika msalani. Kumwambia ukweli nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akimuagiza Mejumaa ubani wa kukufukizia chumba. Mara ya pili alikuwa amelala, na bado sikuweza.

Kwa hiyo umekaa miaka saba ukingoja neno moja la Mama, na neno hilo lilisemwa mwaka wa nne huu, na mimi nililikalia. Mimi ndiye niliyekufungia mlango wa kwenu. Na kwa kukufungia wewe nje nimejifungia mimi ndani. Nisamehe. Sina la kujitetea.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Barua hii anakuletea Abdulghafur, mwana wa sheikh wa nyumba ya pembeni, anayekwenda Maskati Alkhamisi kwa shughuli zake na kurudi huku tarehe 26. Ndani ya bahasha utakuta kaseti. Jana nilimwambia Mama kwamba mkono wangu umechoka kuandika, anayotaka kukwambia akwambie mwenyewe. Alifikiri nafanya mzaha. Nikamuwekea redio karibu, nikabonyeza, nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa juu darini penye kamba za kuanikia nguo nisisikie hata herufi moja. Nilipoteremka utepe ulikuwa umekwisha zamani, naye bado anazungumza. Nikamwambia. Akasema, "Basi igeuze."

Sikuisikiliza na sitaisikiliza. Najua humo atakwambia anakungoja Mfunguo Sita kama ulivyoahidi. Ukiweza, njoo kabla ya tarehe 3 Julai, hata kwa wiki mbili za mwanzo tu, nami nitaikatiza safari nirudi kwa Mama. Ukiwa huwezi, au baada ya haya hutaki, basi usiniandikie. Rekodi kaseti yako umpe Abdulghafur, useme kwa kinywa chako kwamba huji, na useme kwamba maneno ya penseli hayakuwa yako. Nitaiweka kwenye redio nikae kando yake mpaka mwisho. Kanze atapanda basi peke yake, nami nitakuwa nimepata nilichostahili. Lakini usininyamazie. Nimekuwa wewe miaka minne, Swabaha, na sina tena nguvu ya kuwa watu wawili katika nyumba moja.

Msalimie sana shemeji Mzamil, mwambie asinihukumu kabla hajasikia sauti ya Mama. Mbusu Twaha kwa niaba ya khalati yake asiyemjua. Mejumaa anakusalimu, ingawa anamjua Swabaha yule mwengine, mtamu kuliko wewe. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na mabaya, akulainishie moyo, na atukutanishe sote tukiwa hai na Mama akiwa hai.

Salamu za Mama humu hazimo. Ziko kwenye kaseti, na safari hii hazikupitia kwangu.

Nduguyo akupendaye hata baada ya ukweli huu,
Ummukulthum