Kabichi za Muindi Zimefunika Samaki

Kilungu, Makueni
Jumapili, 15 Septemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Muindi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, joto la Doha limekuachia nyama kidogo mwilini, au umebaki mifupa? Sisi tuko wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo huuma akiwa na kazi na kupona akialikwa harusini.

Mvua bado. Kila kitu kimekauka, ila nyuma ya jikoni, kwenye kidimbwi chako cha samaki. Hebu kaa chini nikueleze.

Ile mimea uliyoiacha ikielea, inayofanana na kabichi changa, ulisema ifunike nusu ya maji tu ili samaki wapate kivuli na hewa pia. Nilimweleza Mama, akaitikia vizuri. Kumbe kiangazi hiki, kila nikienda kazini, aliinyunyizia maji kwa kopo, Muindi, mimea inayoishi majini! Kisha akaitilia samadi ya mbuzi kama sukuma wiki ya bustanini. Kabichi zikanenepa, zikazaana, zikafunika kidimbwi chote, ungedhani ni shamba. Kuku wa jirani yetu Nzisa alijaribu kutembea juu yake na nusura azame.

Nikataka kuzipunguza. Mama akasimama mbele yangu na mwiko.

"Wavinya, umeona wapi mtu anang'oa kitu imemea na hii kiangazi? Na hizo ni za Muindi. Akitaka zitolewe, akuje azitoe mwenyewe."

Nilirudi jikoni, maana nilijua hatuzungumzii kabichi tena. Miaka minne bila kukuona ni mingi, ndugu yangu.

Samaki nao wakaanza kuja juu asubuhi, midomo wazi, wakibanana kwenye upenyo mdogo uliobaki. Mama alifurahi. Alisema wamemzoea, wanamwamkia, naye akawa anawaitikia! Alhamisi akakuta wawili wamekufa. Alipiga mayowe nikadhani ni nyoka. Nilipofika alikuwa ameshaingia majini na rinda lake la kanisa, goti limesahaulika, anang'oa na kurusha nje huku akilia na kukugombeza wewe. Tulitoa zaidi ya nusu, tukazoa samadi, tukaongeza maji safi kutoka kwenye lile tangi lake la kufuli, asilotaka mtu aliguse. Ndiyo, lile lile. Ufunguo alitoa mwenyewe.

Waliobaki wanaogelea vizuri. Kabichi tulizozitoa tumezitandaza chini ya miche ya machungwa.

Moja tu Mama ameiweka kwenye beseni, mlangoni pa chumba chako, na hakuna ruhusa ya kuigusa. Kila jioni anaimwagilia maji kwa kikombe chake cha chai. Nimechoka kumweleza.

Nzisa na kuku wake wanakusalimu. Shangazi Wayua wa Makindu anakuombea kila Jumapili kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mungu akulinde, na amlainishe bosi wako akupe likizo.

Dadako anayekupenda hata ukikaa kimya,
Wavinya

Tena: njoo Desemba. Beseni linakaribia kufurika.