Zimwi Aliyepewa Uji

Alhamisi, 6 Machi

...na ndiyo maana leo nakubali mume wangu Kamau alisema kweli. Zimwi hakustahili kuuawa. Jana nilibisha mpaka chai ikapoa. Katuni tuliyotazama ni ya Kijapani, lakini ina ngome, binti wa mfalme na upanga, kama hadithi za Kizungu tulizosoma shuleni. Nikangoja upanga ufanye kazi. Binti akauweka chini, akampikia zimwi uji. Zimwi akanywa, akalia, akageuka kuwa mto wa maji. Kamau anasema kwao Wajapani hata mto una roho. Ngome wameazima, roho ni yao. Anaeleza mikono ikiruka hewani. Wiki sita za ndoa, na bado nikimtazama nasahau sufuria mekoni.

Ijumaa, 7 Machi

Mama yake Kamau amepiga simu kutoka Kalimoni. Jumapili baada ya ibada anakuja kwetu Ruiru, mara ya kwanza. Amesikia tunatazama katuni za mapepo. "Nitaona kama hiyo ni nyumba ya maombi." Mimi bado ananiita "yule msichana wa Kakamega". Nataka anipende. Basi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefua mapazia. Kamau ameahidi kuficha ile flashi yenye katuni.

Jumapili, 9 Machi

Hakuificha! Niko jikoni, Mama anatafuta nyimbo za injili kwenye runinga, mara nasikia muziki wa ngome. Nikaganda na mwiko mkononi. Kisha kelele:

"Kidole kidogo! Wee msichana, mkate kidole kidogo!"

Nikatoka mbio. Mama yuko ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, anamfokea binti wa mfalme. Kumbe katika hadithi za Wakikuyu, zimwi, yaani irimu, akikatwa kidole kidogo, wote aliowameza hutoka wazima. Mimi sikujua. Uji ulipofika, akanigeukia.

"Anampa uji?"

"Ndiyo, Mama."

"Irimu?"

"Ndiyo."

"Kesho atarudi na ndugu zake."

Kamau alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, machozi yakinitoka. Zimwi alipogeuka mto, Mama akasema, "Rudisha nyuma. Ule uji ulikuwa na mabonge." Tukatazama mara mbili. Kisha akatusimulia ya irimu, na sauti zote akaigiza. Mukimo niliompikia, viazi vya kuponda na mahindi, uliungua kidogo. Akaumaliza.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu asubuhi. Kamau yuko kazini Thika. Mama amepiga simu, hakumtaka Kamau, alinitaka mimi. Akina mama wa kanisa lake wanataka kuona zimwi. Katuni isimamishwe kabla ya uji, kwanza yeye asimulie ya kidole, halafu wao waamue, kidole au uji.

"Mtakuja lini, mwana wakwa?"

Mwana wakwa. Mtoto wangu. Nimekaa na simu mapajani, nasikiliza mvua kwenye mabati.

Nimemwambia kabla mwezi huu haujaisha tutafika Kalimoni, mimi, Kamau na flashi. Na uji nitaupika mimi, bila mabonge.