Mtoto Aliyelala Krismasi Nzima

Dada Violeth mpendwa,

Kwanza kabisa nakusalimu, hujambo, na walio nyumbani kwako hawajambo? Sisi huku Muleba hatujambo wote. Mume wangu Datius hajambo ingawa mgongo unamsumbua tangu msimu wa kahawa, binti yangu mkubwa Joanitha hajambo, amefunga shule juzi na amerudi mrefu kunipita, kitinda mimba wangu Mwijage hajambo, magego yanaota na anauma kila mtu, jirani yetu mama Immakulata anakusalimu ijapokuwa hajui kama nakuandikia, hata mbuzi wetu amezaa mapacha na wote ni wazima. Na mtoto wangu wa kati, Alistidia, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu, naye hajambo sana, yuko hapa miguuni pangu anapanga maganda ya maharage mstari mmoja mrefu kutoka mlangoni mpaka jikoni, na hakuna anayeruhusiwa kuuvuka.

Naandika mwenyewe, niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikikosea nivumilie. Nisingeweza kumpa Joanitha aniandikie maana jambo lenyewe ni la aibu na yeye halijui, hata baba yake halijui, mpaka leo tunalijua mimi na Mungu na sasa wewe.

Alistidia ana miaka tisa. Hospitali waliniambia ana usonji, neno ambalo sikuwahi kulisikia, nikatembea nalo njia nzima nikilirudia nisije nikalisahau kabla ya kufika kwa mume wangu. Mtoto si mjinga, anajua kila mgomba ulioko kwenye kibanja chetu na ukikatwa mmoja bila yeye kuambiwa siku hiyo hali. Maneno yake ni machache, moja moja tu, lakini anacheka vizuri jamani, ukimsikia na wewe utacheka bila kujua unacheka nini. Asichoweza ni kelele, na kushikwashikwa.

Sasa sisi kila Krismasi tunakwenda Kagoma kwa mama mkwe wangu, mama Anatolia, na wewe unaijua Krismasi ya huku kwetu, watu wanatoka Dar, wanatoka Mwanza, nyumba inajaa mpaka wengine wanakaa barazani. Mwaka juzi shemeji yangu Onesphory alikuja na spika kubwa kama kabati, akaifungulia hapo hapo sebuleni. Tulikuwa tumekaa chini kwenye nyasi mpya zilizotandikwa sakafuni, chakula kimeshapakuliwa juu ya majani ya mgomba, ndizi na nyama, na senene pembeni, mara wifi yangu Klaudia akaingia, hajamwona mtoto miaka mitatu, akamkamata kwa nyuma akamkumbatia, "Waitu, jamani, njoo shangazi akuone ulivyokua!" Alistidia alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, akarusha miguu, na chakula cha watu kumi na wanane kikaenda kwenye nyasi, mchuzi ukamalizikia kwenye suruali ya katekista. Mmoja akasema, "Zimeni huo muziki!" Mwingine akasema, "Usizime, ongeza, asisikike!" Watu wakacheka. Klaudia akasema mbele ya wote, "Huyu mngekuwa mnamwacha nyumbani, sikukuu ni ya watu wanaojielewa." Datius aliangalia chini tu. Nikambeba mtoto nikaenda naye kwenye migomba, tukakaa huko mpaka akapoa.

Basi mwaka jana ilipokaribia Krismasi nilikuwa silali kwa kuwaza aibu ile. Datius alisema tumwache kwa mama Immakulata, lakini na yeye ana sikukuu yake na wageni wake. Nyumbani kulikuwa na dawa ya mafua ya Mwijage, ile ya maji ambayo mtoto akiinywa anasinzia, na asubuhi baada ya misa nikampa Alistidia kijiko kimoja, na tulipokaribia kufika nikampa kingine. Mungu anisamehe. Alilala mgongoni mwangu kabla sijamaliza kusalimia watu. Nikasema ana homa.

Nikamlaza chumbani kwa mama mkwe, na sikukuu ikaenda vizuri kabisa, spika ikapiga, Klaudia akacheza, kila mtu ananipa pole ya mtoto, na mimi nashika nyama mkononi haishuki. Maana mama mkwe, ana miaka sabini na minne, aliposikia mjukuu ana homa aliacha wageni wake wote akaingia chumbani akakaa kando ya kitanda, kitambaa cha maji mkono huu, rozari mkono huu. Hakula. Walikuja kumwita apige picha na watoto wake wote sita waliokuwa hawajakutana pamoja miaka minne, akakataa. Kila nikichungulia ananiambia, "Nenda ukale mwanangu, huku mimi nipo." Picha ile ipo ukutani kwake, wamesimama wote sita na mama yao hayupo. Kila nikienda Kagoma nakaa upande ambao sitaiona.

Alistidia aliamka wageni wakiwa wanaagana, vyombo vimeshaoshwa. Akavaa viatu vyake mwenyewe, akatoka na gauni lake la njano, akaenda kukaa kwenye nyasi pale sebuleni, mikono magotini, akasubiri. Nikamwambia, "Twende nyumbani." Akasema, "Krismasi." Nikamwambia imekwisha mwanangu. Akaangalia mlango, akasema tena, "Krismasi." Alifikiri haijaanza, Dada Violeth. Aliisubiri siku nne, kila asubuhi anavaa gauni lile anakaa mlangoni, na mimi nikipita na ndoo nashindwa kumwangalia.

Wiki iliyopita mama mkwe amepiga simu, akasema, "Mwaka huu mje mapema, na Alistidia wangu awepo, mwaka jana nilimpigania na homa, safari hii nataka nimwone anakula." Yaani anaamini ni maombi yake yaliyomponya. Mtoto akaisikia sauti ya bibi kwenye simu, akaenda kutoa gauni la njano sandukuni, limeshambana lakini hataki livuliwe. Datius anasema tumwache nyumbani, Joanitha anasema akibaki Alistidia na yeye anabaki, wamenuniana.

Mimi naogopa. Nikiwaza naona labda nimpe nusu kijiko tu, si alale, apoe kidogo, je nusu kijiko ni vibaya? Au nibaki naye nyumbani niseme safari hii mgonjwa ni mimi? Au nimpeleke akiwa macho, halafu ukelele ule utokee tena, mama mkwe ajiulize mbona mwaka jana alilala kutwa, ajue homa ile ilikuwa homa gani? Usinifikirie vibaya, nampenda mtoto huyu mpaka nalia nikimtazama akilala, kumbe hata kulala kwake sasa kunanishtaki.

Majina haya ni ya kweli, tafadhali uyabadilishe kama unavyowafanyia wengine. Gazeti huku tunalisoma kwa mwalimu siku mbili baada ya ninyi huko Bukoba, kwa hiyo nakuomba usiiweke barua yangu chini ya nyingine, nijibu wiki hii hii, maana siku zinakimbia na simu ya Kagoma inaweza kulia wakati wowote.

Ni mimi, mama Alistidia, Muleba.

*

Mama Alistidia,

Majina nimeyabadilisha yote. Mbuzi hukumtaja jina, kwa hiyo nimemwacha kama alivyo, na hongera kwa mapacha.

Nianze na nusu kijiko, maana najua ndicho ulichokitafuta kwanza kwenye ukurasa huu. Hapana. Wala robo. Dawa ya mafua ni ya mtoto mwenye mafua, kwa kipimo alichoandikiwa. Vijiko viwili vya kumlaza mtoto vingeweza kuingilia pumzi yake, na yule bibi angekuwa amekaa pale pembeni akipangusa paji la uso bila kujua anachokitazama. Mmeponea chupuchupu. Nimekugomba, na nimemaliza, sitarudia, kwa sababu naona mwaka mzima umejigomba wewe kuliko ninavyoweza mimi.

Sasa nisikilize. Alistidia hakuharibu sikukuu ya mtu. Alikamatwa kwa nyuma na mtu asiyemkumbuka, spika kubwa kama kabati ikimpigia sikioni. Hata mimi ningemmwagia katekista mchuzi. Umeandika kwa mkono wako mambo mawili asiyoyaweza, kelele na kushikwa, na yote mawili yanafanywa na watu wazima. Watu wazima wanaambiwa wakaacha. Kwa nini dawa anywe mtoto?

Ya spika ni kazi ya Datius. Mwaka juzi aliangalia chini, mwaka huu ainue uso amwambie ndugu yake kwamba spika itakaa nje, na wakati wa kula inazimwa. Hiyo si kazi ya mke, usimpokonye.

Mtoto anayejua kila mgomba na kugoma kula ukikatwa bila yeye kuambiwa anataka aambiwe, basi. Na Krismasi mwambie. Weka punje za maharage kwenye kopo, moja kwa kila siku iliyobaki, kila asubuhi atoe moja kwa mkono wake. Watoto wengi wa namna yake hushika kile wanachokiona na kukigusa kuliko maneno yetu. Kabla ya sikukuu mpeleke Kagoma siku isiyo na wageni, aione sebule ikiwa kimya, akichungulie chumba cha bibi. Siku yenyewe fikeni wa kwanza, awe ameshakaa, watu ndio waje wamkute, mmoja mmoja. Chumba cha bibi kiwe chake: akikimbilia huko hafuatwi na haulizwi. Gauni la njano usimbadilishie. Fumua pembeni, ongeza kitambaa, limtoshe.

Najua utasema, na salamu je? Kwetu mtoto asiyepiga magoti kusalimia anaonekana hakulelewa. Basi mpe kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, awatembezee wageni. Kila mgeni achukue punje zake, aseme asante, mikono yake ibaki kwake. Aliyepewa kahawa amekaribishwa, anataka nini zaidi? Na Klaudia akitaka kumkumbatia mtu, kaka zake wapo.

Joanitha mwambie nimempenda. Lakini asigeuzwe yaya wa siku nzima. Mpangiane zamu wewe, yeye na baba yake, maana na yeye ana binamu wa kupiga nao soga.

Ukelele ukitokea, na unaweza kutokea, usizunguke chumba kizima ukiomba msamaha. Mtoe nje mkae kwenye migomba kama mwaka juzi, wenye mikono wengine waokote ndizi. Na akichoka saa saba mchana, rudini nyumbani saa saba mchana. Krismasi ya saa mbili ni Krismasi. Hakuna aliyesema lazima abaki mpaka sufuria ya mwisho ioshwe.

Limebaki moja, nalo ndilo ulilolizunguka barua nzima. Haya yote hayawezekani mama Anatolia akiwa bado anaamini ile homa. Utamwombaje chumba chake kiwe kimya kwa ajili ya hofu ambayo hujamwambia unayo? Umekaa ukiogopa nyumba nzima ya watu, na katika hao yuko mmoja aliyeacha nyama yake, wageni wake na watoto wake sita akakaa na binti yako. Huyo ndiye unayemficha? Klaudia ana mdomo, nyumba ni ya Anatolia.

Mwambie Datius kwanza, leo, asije akalisikia kutoka kwa mama yake. Atafoka, mwache afoke. Kisha Jumamosi hii panda bodaboda uende Kagoma peke yako. Si kwa simu. Kaeni jikoni, ongea naye Kihaya, usilete maneno ya gazetini. Mwambie: "Mama, mwaka jana Alistidia hakuwa na homa. Nilimlaza mimi kwa dawa. Niliogopa watu." Halafu nyamaza. Atakasirika, na ana haki, ulimnyima sikukuu yake. Usilie ili kumharakisha akusamehe. Usimtaje Klaudia. Menya ndizi kama kuna ndizi za kumenya. Akishamaliza yote aliyonayo, muulize swali moja tu: "Mama, mwaka huu tumfanyieje?"

Na atakachopanga yeye, hata kama hakifanani na nilichoandika mimi, fuata chake.